Kisu cha babu, kisu cha bibi na jembe nililouza kwa mia tano

Najua nimepotea kama mwezi na nusu hivi. Testi zilikuwa zimepangana, bumu nililimaliza mapema kwa ujinga wangu mwenyewe, na mnajua mtu anayekula mlo mmoja kwa siku hana hamu ya kublogu. Sasa nimerudi. Nipo hapa Malimbe, nimekaa juu ya jiwe nyuma ya hosteli, ziwa naliona kule chini, na nina stori ndefu. Anayependa habari fupi fupi avumilie, leo ni historia. Tena mwishoni kuna kosa langu ambalo sijawahi kumwambia mtu zaidi ya bibi yangu, na yeye alilijua kabla sijamwambia.

Yote yalianza darasani. Dokta wetu wa historia alitupa kazi: kila mmoja aje na kitu kimoja cha asili kutoka kwao, asimame mbele, akielezee kwa dakika tano. Wenzangu wakaanza kuhangaika. Mmoja akapiga simu Ukerewe atumiwe kasia, mwingine akaazima kibuyu kwa mama mwenye nyumba. Mimi nilitulia tuli. Nilikuwa na kitu changu kwenye begi, chini ya nguo: kisu cha mfukoni cha babu.

Niwaelezee hicho kisu. Ni cha kukunja. Mpini wake ni wa mbao ya kahawia, umepambwa vinyota na miezi michanga ya bati, na mgongoni una kipete cha chuma. Ukikifungua kinalia kra-kra-kra, kikifika mwisho kinajifunga, na hakirudi mpaka ukivute kile kipete. Sauti ile hata leo ukiipiga karibu na sikio langu nimelala, nitaamka nikidhani ng'ombe wameshafunguliwa na mimi nimechelewa malishoni.

Nimekulia kwa babu, kijijini upande wa Misungwi. Alfajiri babu alikata mswaki kwa kisu kile. Tukifika malishoni anamenya muwa, kipande chake, kipande changu. Mwiba ukinichoma, ni kisu kile kile, anakipangusa kwenye kaptula na kuniambia niangalie ng'ombe, nisiangalie mguu. Kamba ya katani ikikatika, kisu. Msimu wa pamba kufungua magunia, kisu. Jioni akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya boma la minyaa, anakata kucha kwa kisu, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Na alikuwa na sheria moja: kisu hakipokewi mkono kwa mkono. Anakiweka chini, wewe unaokota. Ukimaliza unakiweka chini, yeye anaokota.

Babu alifariki mwaka 2019. Siku ya kumaliza msiba wazee waligawa vitu vyake mbele ya watu. Ng'ombe walikwenda kwa baba na baba wadogo. Baiskeli ikaenda kwa binamu. Kisu wakaniita mimi, nikaambiwa niokote chini. Wadau, nililia pale kuliko siku ya mazishi.

Kwa hiyo darasani nilisimama kifua mbele. Nikasema hiki ni kisu cha asili cha mfugaji wa Kisukuma, nikaeleza ng'ombe, muwa, mwiba, kucha. Watu wakapenda. Dokta akaja mbele, akavaa miwani, akanikabidhi kile kisu kikiwa wazi.

"Soma hapa kwenye ubapa."

"OKAPI, Dokta."

"Na hapo chini, palipofifia?"

Nikainama. Nikasoma kimoyomoyo kwanza. "Germany, Dokta."

Darasa zima kwikwikwi. Hadi leo kuna jamaa wananiita Mjerumani nikipita kantini. Lakini Dokta hakucheka. Alisema, "Kazi yako haijaharibika. Ndiyo kwanza imeanza. Nenda katafute kimefikaje mfukoni kwa babu yako, na kabla yake kulikuwa na nini." Basi nikaenda kupiga msuli maktaba kama mtu anayetafuta dawa ya mgonjwa wake.

Nilichopata ni hiki. Visu vya Okapi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani huku Afrika. Yaani hatukukutana na kisu hiki kwa bahati. Kilipochorwa tu, sisi tulikuwa tayari kwenye hesabu kama wateja. Jina lake ni la okapi, yule mnyama wa msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo. Watu wa misitu ile walimjua toka enzi na enzi, lakini wanasayansi wa Ulaya walimtambua mwaka 1901 tu, kupitia Harry Johnston, Mwingereza aliyekuwa akitawala Uganda. Mwaka mmoja baadaye jina likawa limeshapigwa kwenye chuma. Tangu mwaka 1988 visu hivyo vinatengenezwa Afrika Kusini, na hata Jamaica vinajulikana sana. Cha babu ni cha kabla ya hapo.

Babu mwenyewe aliwahi kunisimulia jinsi alivyokipata. Ilikuwa mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya watu wa kwetu kuhamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Pamba ilikuwa imetoa vizuri. Alikwenda Mwanza mjini akaingia duka la Mhindi, akanunua kaptula ya kaki na kisu. Vyote viwili siku moja. Nilipokuwa mdogo habari ya kaptula niliona ni ya kuongezea tu. Sasa naona ndiyo habari yenyewe, maana kisu cha mfukoni kinahitaji mfuko! Mfuko ulikuja na kaptula, kaptula ikaja na duka, duka likaja na hela, na hela kwa Msukuma ilikuja na pamba.

Hapo kwenye pamba sitakaa sana, maana wengi mmesoma sekondari. Kwa kifupi, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Miaka ya 1930 kituo cha utafiti kikaanzishwa Ukiriguru, hapo hapo Misungwi, na ndiyo maana mbegu za pamba zinaanza na herufi UK. Wengine wanadhani ni Uingereza, kumbe ni Ukiriguru. Mwaka 1955 wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, wakaunganisha vyama vyao kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, halafu sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kisu cha babu kilinunuliwa kwa hela ya ushirika ule wa kwanza.

Kwa hiyo kisu changu cha asili ya Kisukuma kina jina la mnyama wa Kongo, chuma cha Ujerumani, duka la Mhindi na hela ya pamba. Nilipofika hapo nikabaki na nusu ya pili ya swali la Dokta. Kabla ya Okapi, watu wa hapa walikatia nini?

Jibu linaanzia ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, Buzinza, kuelekea Geita na Biharamulo. Huko waliishi wahunzi wanaoitwa Walongo, wengine wanaandika Warongo. Hao ndio waliokuwa wakitoa chuma kwenye mawe na kufua majembe, mashoka, mikuki na visu. Wasukuma walikuwa na ng'ombe na nafaka, Walongo walikuwa na chuma, watu wakabadilishana. Na siyo wao tu. Ukanda wote huu wa ziwa umejaa mabaki ya matanuri ya zamani, na upande wa Kagera chuma kilikuwa kinatengenezwa tangu takriban miaka 2000 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, waliokuwa wamekaa miaka mingi bila kufanya kazi hiyo, walijenga tena tanuri wakimwonyesha mwanaakiolojia Peter Schmidt. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery wakaandika kwenye jarida la Science kwamba joto la tanuri lile lilikuwa kubwa mno, na mafundi wale walikuwa na ujuzi wa juu. Wataalamu wengine baadaye walibishana naye kuhusu jinsi joto lile lilivyopatikana. Lakini kwamba chuma kilitoka, hakuna anayebisha.

Jinsi kazi ilivyofanyika ni hivi. Unachoma makaa ya mti mgumu, mengi sana. Unajenga tanuri kwa udongo, wa kichuguu ukipatikana, maana haupasuki ovyo. Chini unaacha matundu ya kupitishia mirija ya udongo, na nyuma ya kila mrija kuna mvukuto, kifuko cha ngozi kinachopuliza hewa. Halafu ni kuvukuta saa baada ya saa, watu wakipokezana bila kuacha. Chuma hakitoki kikiwa maji kama mnavyoona kwenye picha za viwandani. Kinabaki donge zito lenye vitundu vitundu, na uchafu wake unachuruzika pembeni na kuganda. Uchafu ule kwa Kiswahili unaitwa mavi ya chuma, msicheke, ndivyo ilivyo kwenye kamusi. Lile donge sasa linapigwa moto na nyundo mara nyingi mpaka linakuwa kitu cha kutumia.

Na kulikuwa na miiko. Katika jamii nyingi za nchi hizi za Maziwa Makuu tanuri lilihesabiwa kama mwanamke anayejifungua. Mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, na wanawake hawakuruhusiwa kusogelea. Hii sehemu muiweke akilini, nitairudia.

Jembe la wahunzi wa huku lilikuwa zaidi ya zana. Lilikuwa pesa. Lilitolewa mahari pamoja na ng'ombe. Misafara ya kwenda Tabora ilibeba majembe, na makadirio ya Wajerumani ya miaka ya 1890 yanataja zaidi ya majembe laki moja kupelekwa kwenye soko la Tabora kwa mwaka. Laki moja, jamani, yote yamefuliwa kwa mkono! Nilipokuwa shule ya msingi nilifundishwa kwamba kabla ya wakoloni tulikuwa na "zana duni". Sawa, lakini zana duni zilizolima nchi nzima?

Kilichoua kazi ile si vita. Ni hesabu. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, nao walitaka sarafu. Taratibu jembe likaacha kuwa pesa. Mwaka 1901 reli ya Uganda ikafika Kisumu, na meli zikaanza kuzungusha bidhaa za viwandani kwenye bandari za ziwa, Mwanza ikiwemo. Tanuri moja linataka milima ya makaa na siku nyingi za watu. Jembe la kiwandani linakuja limefungwa kwa dazeni, kama yale ya chapa ya mamba ya Chillington ya Uingereza. Mhunzi akiweka bei hawezi kushindana. Akaacha kutoa chuma kwenye mawe, akabaki kufua vyuma vilivyokwisha tumika: kwanza majembe yaliyochakaa, halafu springi za magari. Baada ya uhuru tukajenga kiwanda chetu, UFI pale Ubungo, kwa msaada wa Wachina. Lakini cheni ya mhunzi wa Buzinza ilikuwa imeshakatika.

Nilikwenda na makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement pamoja na wazee wa Kisukuma. Ukifika Mwanza usikose kwenda. Ndipo nilipoliona jembe la zamani kwa macho yangu. Majembe ya dukani niliyoyazoea yana tundu, mpini unaingia ndani ya jembe. La zamani ni kinyume: bapa pana kama jani, nyuma lina mkia mwembamba uliochongoka, na mkia huo ndio unaochomekwa kwenye kichwa cha mpini. Jembe linaingia ndani ya mti.

Wadau, nilisimama pale nikahisi tumbo limekuwa la baridi. Lile umbo nililijua. Nilishawahi kulishika.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Hiace mpaka Misungwi, na bodaboda mpaka kwa bibi. Nikamkuta nyuma ya nyumba, kwenye lile jabali pana tunaloanikia. Ilikuwa msimu wa viazi na alikuwa anatengeneza michembe. Kwa wasioijua: michembe ni viazi vitamu vinavyomenywa vibichi, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa mpaka vinakauka kabisa, vinawekwa akiba ya njaa. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Ukila michembe na karanga, habari ya chipsi utaisahau.

"Mume wangu umekuja!" Bibi ananiita hivyo toka nikiwa mtoto. Tukasalimiana, akanipa habari za wote, nani kafa, nani kazaa. Nikamwambia habari ya kisu cha babu na Ujerumani. Alicheka mpaka akajifuta machozi na kanga.

"Sasa wewe ulidhani babu yako alikitoa wapi? Mimi nilikuwa nalima ile pamba."

Nikamuuliza, "Bibi, sisi kisu cha asili hatukuwa nacho?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto anayetafuta kofia iliyo kichwani kwake. Akanyoosha mkono, aliokuwa anamenyea viazi. "Na hiki ni nini?"

Jamani. Kile kisu nimekiona maisha yangu yote. Ni kifupi, urefu wa kiganja, ubapa mweusi mgongoni na mweupe kwenye makali, umeliwa kwa kunolewa juu ya jiwe mpaka umebaki mwembamba kama jani la mwanzi. Mkia wake umechomwa moto na kuzamishwa kwenye kipande cha mti. Kikiwa hakitumiki kinachomekwa kwenye nyasi za paa la jiko. Mimi sikuwahi kukihesabu kama kitu. Kilikuwa "kisu cha jikoni", basi.

Ndipo akanisimulia mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwao ni ng'ambo, Buzinza. Baba yake alikuwa mhunzi. Kutoa chuma kwenye mawe yeye bibi hakukuona, hiyo ilikuwa kazi ya babu zake. Baba yake alifua vyuma vya zamani, na bibi akiwa binti mdogo alikuwa akisikia mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipumua nyuma ya nyumba. Kusogea hakuruhusiwa, kwa ile miiko niliyowaambia. Alipoolewa, mwaka 1966, baba yake alimfulia kisu hiki kutokana na chuma cha jembe lililochakaa. Na mama yake akampa jembe lake mwenyewe, la kizamani, lenye mkia. Alivuka ghuba na vitu hivyo viwili, pamoja na nguo. Siku hizi tunavuka juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025, dakika chache tu umefika. Yeye alivuka kwenye maji, kisu kikiwa kimefungwa ndani ya kanga.

Nikamuuliza mbona babu alikuwa na kisu cha mfukoni na yeye hana.

"Mume wangu, mfuko ningeutoa wapi? Kwenye pindo la kanga nafunga hela. Nikifunga kisu kitanichoma."

Hapo nikaelewa nilikosea wapi darasani, na siyo habari ya Germany. Kisu cha babu nilikiona kwa sababu kilitoka hadharani. Kilikuwa na sauti, kina nyota, kilitolewa mbele ya ng'ombe na mbele ya wanaume wenzake, na alipokufa kiligawiwa mbele ya ukoo. Cha bibi kilikaa kwenye paa la jiko. Hakuna aliyekitaja kwenye urithi wala kwenye kitabu chochote nilichosoma. Wanawake walizuiwa kusogelea tanuri, lakini chuma kilipotoka pale, sehemu kubwa iliishia mikononi mwao: jembe la kulimia, kisu cha kumenyea. Ukitaka kujua chuma cha Walongo kililisha watu namna gani, usianze mfukoni kwa mwanaume, anza jikoni.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nilikuwa darasa la nne, mwaka 2013. Alipita jamaa na baiskeli na mzani wa ndoano, anapiga kelele "vyuma chakavuuu, sufuria mbovuuu". Watoto wote tukakimbia kutafuta. Mimi nilizunguka nyuma ya kihenge, nikakuta kijembe cha ajabu, kimelika mpaka kimebaki ukubwa wa kiganja, mpini umeliwa na mchwa, nyuma kina mkia. Nikaking'oa. Nikaongeza na sufuria iliyotoboka. Jamaa akapima, akanipa mia tano. Nikanunua pipi na nikachangia mpira wa nailoni na wenzangu.

Siku tatu bibi alitafuta. Nilimwona anainama nyuma ya kihenge, anapekua majani ya pamba, anatazama chini ya mawe. Hakuuliza mtu. Siku ya nne akaacha. Nilijiambia ni kichuma tu, hata hakilimi tena. Miaka hiyo yote nimekaa nayo hivyo, mpaka niliposimama pale Bujora.

Nikamwambia bibi pale pale juu ya jabali. Nilijikaza nisilie, mtu mzima mwenye ndevu. Bibi aliendelea kumenya.

"Nilijua. Mpira ulikuwa mpya na hela hamkuwa nayo."

"Mbona hukunichapa?"

Akakaa kimya kidogo. "Kile kijembe nilikuwa napalilia karanga, maana jembe kubwa linakata mizizi. Mgongo ulipoanza kuuma nikakiweka. Ningekuwa nakitumia usingekipata." Akainua kile kisu kidogo. "Hiki mbona hukukiuza? Kilikuwa mkononi mwangu."

Hakuniambia nimesamehewa wala sijasamehewa. Alinisukumia beseni la viazi.

Sikuwa na kisu kingine, nikatoa Okapi. Kra-kra-kra. Bibi akatazama, akasema hebu nijaribu. Nikakiweka chini, akaokota. Wadau, miaka zaidi ya 50 ndani ya nyumba moja, bibi hakuwahi kufungua kisu kile hata siku moja! Alihangaika na kipete, kikagoma, kikakubali, akamenya kiazi kimoja. Ubapa ni mrefu mno, ganda likatoka nene na nyama yake. Akakirudisha chini.

"Kelele tupu," akasema. "Mwanaume na kisu chake."

Tulicheka hadi majirani wakaja kuchungulia kwenye minyaa. Tulimenya mpaka jua likaelekea ziwani, yeye anatengeneza vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, mimi natengeneza vipande vya aibu. Jabali zima likawa jeupe.

Nilimwomba kisu chake nije nacho darasani. Akakataa katakata. "Nitamenyea nini?" Basi nikakilaza juu ya karatasi ya daftari, nikachora mzingo wake kwa kalamu, nikaandika pembeni alichosema: aliyekifua, mwaka, chuma kilikotoka, namna ya kukinoa. Kijembe nacho nikakichora kutoka kichwani, bibi akinisahihisha: mkia ulikuwa mrefu zaidi, hapa palipinda, hapa paliliwa zaidi upande wa kulia kwa sababu mama yake alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Fikiria hilo. Mtu aliyefariki kabla sijazaliwa, na mkono wake bado ulikuwa umeandikwa kwenye chuma nilichopimiwa kwenye ndoano kwa mia tano. Kijembe hakirudi. Pengine kimeshakuwa nondo kwenye jengo fulani hapa mjini.

Wiki iliyopita niliomba Dokta anipe dakika tano nyingine. Nilisimama na karatasi mbili tu, bila kisu mfukoni. Nilieleza yote, na la mia tano pia. Hakuna aliyecheka. Wenzangu wawili walikuja baadaye kuniambia nao waliwahi kuuza vyuma vya kwao, mmoja njuga za babu yake, mwingine mkuki.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wangu kitu kimoja. Ukienda nyumbani likizo hii, ingia jikoni kwa bibi yako. Usimuulize habari za kale kwa ujumla, atakujibu kwa ujumla. Muulize kisu anachomenyea alikipata wapi, na umenye naye huku anajibu.

Kwa leo niishie hapa, nina asaimenti ya kesho na sijagusa hata ukurasa. Mfuko wa michembe upo chumbani, mwenzangu wa chumba kishaanza kuupunguza bila ruhusa.